Fundi Nyota na kiyoyozi cha wageni

Mlango wa chuma haujapanda hata nusu, na tayari mteja wa kwanza wa siku anahojiwa.

"Chumba chako kina madirisha mangapi?"

"Dada, mimi nimekuja kuuliza bei tu."

"Bei ipo, haiendi popote. Madirisha mangapi?"

"Mawili."

"Jua linakupiga asubuhi au jioni?"

Mteja ni bwana mmoja mwenye shati la kazini na kofia ya pikipiki mkononi. Anageuka nyuma kutafuta wa kumwokoa. Nyuma yake kuna benchi la mbao na watu wachache wanaosubiri zamu, na wote wanatabasamu maana wanajua yatawafika na wao.

"Jioni," anasema, amejisalimisha. "Tena linapiga hasa. Mpaka usiku ukuta bado una moto."

"Juu kuna dari au bati tupu?"

"Kwani nanunua kiyoyozi au naposa?"

"Afadhali ungekuwa unaposa," anajibu yule mwanamke huku akiusukuma mlango juu kwa bega. "Mkikosana, wazee wangekaa wakawasuluhisha. Hiki ukishatoboa ukuta, ndiyo umeshaoa."

Benchi zima linaangua kicheko. Bwana wa watu anacheka pia, anaiweka kofia yake juu ya kaunta na kusema kuwa dari ipo.

Huyu ndiye Fundi Nyota. Ana jina lake, lakini anasema siku hizi linatumiwa na mama yake peke yake, tena akiwa amekasirika. Kazi yake ni kuuza, kufunga na kutengeneza viyoyozi vya majumbani. Duka lake ni jembamba kama korido: ukuta mmoja mashine mpya, ukuta wa pili vipuri, na huko mwisho kuna meza ambayo haijawahi kukosa kompresa iliyopasuliwa tumbo.

Jina la utani alilipata kwa sababu ya ile karatasi ya rangi inayobandikwa kwenye mashine mpya, yenye nyota kuanzia moja mpaka tano. Watu wengi huiona kama urembo. Wengine huiacha hapo miaka na miaka ili wageni wajue kuwa kitu kilinunuliwa kipya. Kuisoma ndiyo hawaisomi, na Fundi Nyota hamwachi mtu atoke dukani kwake bila kuisoma.

Asubuhi hii anamsimamisha yule bwana mbele ya mashine mbili zilizo sawa kwa umbo.

"Hizi zinatoa baridi kiasi kilekile. Nionyeshe tofauti."

"Hii bei yake iko juu."

"Nyingine?"

"Hii ina nyota mbili, ile tano."

"Maana yake nini?"

"Ile ni imara zaidi?"

"Hapana. Nyota hazisemi itadumu, wala hazisemi ni nzuri kwa sura. Zinasema ikipewa umeme inautumiaje. Chukua malori mawili, mzigo uleule, safari ileile. Moja linafika kwa tangi moja, jingine linasimama katikati ya safari kujaza tena. Lipi ni rahisi?"

Bwana anakuna kidevu. "Inategemea mafuta ananunua nani."

"Ehee! Na umeme wa kwako ananunua nani?"

Kicheko tena. Lakini fundi hajamaliza, na hapa ndipo mtu anapoanza kumheshimu, kwa sababu mwuzaji mwingine angeshachukua pesa na kufunga mjadala. Anamshika mteja kidole na kukipeleka chini ya zile nyota, kwenye namba ambayo watu huiruka.

"Hizi ni uniti za umeme itakazokula kwa mwaka. Usidanganyike na nyota ukasahau namba. Nyota zinalinganisha mashine za ukubwa mmoja. Kubwa ya nyota tano inaweza kula kuliko ndogo ya nyota tatu, kwa sababu yenyewe ni kubwa. Kwa hiyo kwanza jua chumba chako, halafu nyota, halafu namba, bei iwe mwisho. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Basi nipe ya nyota tano."

"Unawasha saa ngapi kwa siku?"

"Labda saa moja, nikirudi kazini. Kulala tunalala kwa shangazi yangu, namuuguza."

"Basi nyota tano ya nini? Pesa unayoongeza leo hutaiona ikirudi. Chukua hii ya katikati. Na wala usichukue leo, kapime chumba kwanza. Urefu, upana, na uniambie mlango unafunga vizuri au la."

Bwana anatoka mikono mitupu, ilhali aliingia na pesa mfukoni. Mwandishi wa makala haya anamuuliza fundi kama haoni uchungu kufukuza mauzo ya asubuhi.

"Atarudi," anasema. "Na asiporudi, basi amenunua kwingine akiwa anajua anachonunua. Na hiyo ni kazi yangu pia, ila hailipwi." Anacheka mwenyewe. Kuna siku, anakiri, anafunga duka na kurudi nyumbani na nauli peke yake.

Mfano wa malori hakuutoa hewani. Fundi Nyota ni mtoto wa dereva wa lori, mzee mrefu mkimya ambaye madereva wenzake walimbatiza Mzee Gia. Likizo za shule, binti alikuwa anapanda naye. Wakifika mlimani baba alizima redio ili asikilize injini. Hakukanyaga ovyo. Akiona taa nyekundu mbali anaachia mafuta mapema, lori linateleza lenyewe mpaka linafika taratibu. Wenzake walimcheka kuwa anaendesha kama anambeba bibi harusi, lakini mwisho wa safari yeye ndiye aliyerudi na mafuta kwenye tangi.

"Baba alikuwa akiniuliza, unasikia? Nasema ndiyo. Unasikia nini? Nasema injini," anasimulia. "Ananiambia, injini inalia bure, na kilio hicho tunakilipia sisi. Nilikuja kuelewa baadaye sana, chuoni, walipoanza kutufundisha mambo ya ufanisi wa mashine. Nikasema, hee, haya si ya baba haya!"

Alisomea ufundi wa majokofu na viyoyozi katika darasa ambalo hakukuwa na mwanamke mwingine. Alipoanza kazi za kufunga mashine majumbani, mwenye nyumba mmoja alimwona anashusha ngazi akapiga simu kwa bosi wake hapohapo: nimeomba fundi, mbona mmeniletea mpishi? Fundi Nyota aliichukua ile simu mkononi mwake, akamwambia kwa adabu kabisa, "Mpishi ndiye anayejua habari za joto, kaka. Naomba unipishe mlangoni." Mpaka leo bwana huyo ni mteja wake na ndiye anayeisimulia hadithi hiyo kwa sauti kuliko mtu yeyote.

Kwa hiyo mtu angedhani kuwa nyumba ya wazazi wa fundi kama huyu ina baridi ya kupigiwa mfano. Wapi! Ipo nyumba moja tu mjini ambayo Fundi Nyota haruhusiwi kugusa hata skrubu, nayo ni ya baba yake.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana mama yake aliugua moyo. Daktari alimpa dawa, akasema na la pili: joto la nyumba ile si zuri kwake, apumzike mahali penye ubaridi, alale vizuri. Chumba chao cha kulala kinapigwa na jua la jioni, na ukuta unalihifadhi joto hilo mpaka usiku wa manane. Wakati huo binti alikuwa safarini, ana kazi ya kufunga mashine katika mji mwingine.

Mzee Gia hakumsubiri. Alitoa akiba yake, akaingia kwenye duka kubwa, akaonyesha kidole mashine kubwa kuliko zote na kusema hiyo. Dereva wa lori anaamini injini kubwa haihangaiki. Akaelekeza ifungwe sebuleni, ili ipooze nyumba nzima kwa mpigo. Mwuzaji alipomwambia kuwa ni ya nyota mbili, inasemekana alijibu, "Zinatosha. Mimi sifungui hoteli."

Binti aliporudi alikuta jitu limekaa ukutani juu ya televisheni na baba amekaa chini yake amekunja nne, anasubiri kusifiwa. Alisifu. Angefanya nini? Lakini jicho la kazi halizimwi. Aliona nyota mbili. Aliona sebule haina mlango, ina pazia tu, na pazia lile lilikuwa linapepea kuelekea koridoni, jikoni, hadi uani. Na chumba cha mama kiko mwisho kabisa wa korido.

Umeme wa mwezi ule haukufika hata katikati. Mzee alinunua mwingine kimyakimya, nao ukaenda. Halafu akazima. Tangu siku hiyo kiyoyozi kile kikawa cha wageni. Rimoti ikarudi kwenye nailoni yake, na nailoni ikaingia mfuko wa shati la mzee, na huko ndiko inakoishi.

Mama akaanza kulala sakafuni kwenye mkeka, karibu na mlango wa nyuma, ili apate upepo wa chini ya mlango. Mgonjwa wa moyo huyo.

"Nilimwambia baba, niache niiangalie," anasema Fundi Nyota. "Akaniambia, wewe kaangalie za wateja wako, hii nimenunua mimi. Nikasogeza ngazi hivyohivyo. Jamani! Baba yangu hajawahi kunipigia kelele maishani, siku ile alipiga. Tukanuniana siku nyingi tu. Ikabidi mama aniombe, mwanangu, liache."

Jumamosi moja mwandishi alifuatana naye kwenda kuwasalimia wazazi hao. Ni nyumba safi, viatu vimepangwa mlangoni, picha ya lori ukutani ndani ya fremu kubwa kuliko ya harusi. Mzee Gia alitupokea kwa heshima zote, akatukalisha, kisha akatia mkono mfukoni. Aliitoa rimoti kwenye nailoni taratibu kama mtu anayemenya yai, akaielekeza juu. Tii! Baridi ikashuka.

Haikupita muda mama akatokea jikoni, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya taratibu. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa chini kabisa ya mashine. Akaegemeza kichwa, akafumba macho, na mabega yake yakashuka.

"Karibu sana mgeni," alisema bila kufumbua macho. "Kaa, mwanangu, usiwe na haraka. Chai ipo nyingi."

Mzee alitazama dirishani. Fundi Nyota alitazama lile pazia likipepea, mikono ameikalia kama mtoto aliyekatazwa kugusa sahani. Tuliongea habari za barabara, za madaraja, za madereva wa siku hizi wasiojua kushuka mlima. Mwandishi alikunywa chai mpaka tumbo likakataa. Kila alipotaka kuaga, mama alimwongezea kikombe.

Tulipoinuka hatimaye, ile tii ilisikika kabla hatujamaliza kuvaa viatu. Mama alikuwa bado amekaa kwenye kiti chake.

Barabarani binti alishindwa kujizuia, akalia wazi mbele za watu. "Nafunga baridi kwenye nyumba za watu nisiowajua hata majina," alisema. "Mama yangu analala sakafuni."

Kwa nini usimwambie mzee wazi kuwa amekosea? Mwandishi aliuliza, na papo hapo akajutia swali.

"Maneno ninayo. Nikiyasema nitamshinda, na halafu? Atakuwa mzee aliyeshindwa na mtoto wake sebuleni kwake, mbele ya mkewe. Ile mashine aliinunua kwa ajili ya mama, ndiyo maana mama mwenyewe hasemi. Anaogopa kumvunja moyo." Alijifuta uso kwa kiganja. "Anifundishe mtu kusikiliza injini, nikue, halafu nimwaibishe kwa hiyohiyo? Siwezi. Nangoja aulize mwenyewe. Ila naogopa, nakwambia ukweli. Naogopa atauliza tumeshachelewa."

Wiki chache baadaye mama alianguka jikoni wakati wa joto la mchana. Kizunguzungu, akashika meza, meza ikateleza. Jirani ndiye aliyesikia kishindo. Hospitali walimlaza, wakamtundikia maji, wakamrudisha nyumbani na onyo lilelile la mwanzo, safari hii likiwa limesemwa kwa ukali.

Mwandishi alipokwenda dukani kumpa pole fundi, hakujua kuwa kuna mtu mwingine aliyekuwa njiani kuelekea hapohapo.

Mzee Gia aliingia amevaa shati lililopigwa pasi na kofia yake ya safari. Hakuja moja kwa moja kaunta. Alikwenda kukaa mwisho wa benchi, nyuma ya mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na kijana aliyeleta feni.

"Shikamoo baba," alisema Fundi Nyota, mkono na bisibisi vikiwa vimesimama hewani.

"Marahaba. Hudumia watu. Mimi nina nafasi."

Akasubiri zamu yake kama watu wengine. Alipofikiwa alisimama, akaivua kofia, akaiweka kaunta.

"Kuna rafiki yangu," alianza.

"Ndiyo, baba."

"Tuliendesha naye zamani. Ana mashine yake hiyo, kubwa, nyota mbili. Inamla. Na mkewe si mzima." Akakohoa. "Kaniomba nimuulizie."

Fundi Nyota aliweka bisibisi chini, akafuta mikono, akamtazama baba yake usoni. Kisha, bila hata kope kucheza, akaanza mwanzo, kama anavyomfanyia kila mtu.

"Chumba wanacholala kina madirisha mangapi?"

"Mawili. Moja halifunguki, anasema."

"Jua linawapiga asubuhi au jioni?"

"Jioni."

"Mlango wa chumba unafunga?"

"Unafunga vizuri tu. Niliutengeneza... aliutengeneza mwenyewe."

Hakuna aliyecheka.

"Na hiyo mashine kubwa iko wapi?"

"Sebuleni."

"Sebule ina mlango?"

"Ina pazia," alisema mzee, na hapo akasita. Ungemwona mtu anayesikiliza kitu mbali, pengine mlimani, redio imezimwa. "Pazia," alirudia. "Kumbe tangi linavuja."

"Linavuja, baba. Mashine inakimbia mchana kutwa na baridi inatokea uani. Haipati hata nafasi ya kupumua."

"Sasa huyo bwana alifanya ujinga?"

"Hapana." Fundi alitikisa kichwa. "Alikuwa na hofu na mkewe. Mtu mwenye hofu hasomi karatasi. Kila siku nawaona hapa, wanataka kitu kikubwa, leo leo, wakakifunge, wagonjwa wao wapone. Na mashine yenyewe si mbovu, ila haiko mahali pake. Ule ukumbi wa mikutano wa mtaa wanatafuta kubwa kama hiyo. Wao wanawasha mara mojamoja, milango yao inafunga, nyota mbili haziwaumizi. Aiuze kule. Halafu achukue hii."

Akamwonyesha mashine ndogo ya nyota tano. Mzee aliitazama kwa dharau isiyofichika.

"Hii? Si kama redio hii? Itaweza?"

"Baba, ukitumwa chumvi dukani, utawasha lori la kokoto?"

Mzee Gia aliitazama tena ile mashine ndogo. Kisha uso wote ukakunjuka. "Wewe mtoto na mdomo wako," alisema. Akavaa miwani, akainama mbele ya ile karatasi ya rangi, na kidole chake kinene cha usukani kikaanza kushuka polepole, nyota moja moja, mpaka chini.

"Hii namba ndiyo mafuta ya mwaka mzima?"

"Ndiyo."

"Wameandika wazi hivi?"

"Wameandika wazi, baba."

"Na injini yake? Inazima na kuwaka kila saa?"

"Haizimi. Chumba kikishapoa, inaachia mafuta, inateleza yenyewe taratibu. Mashine za namna hiyo ndizo zinaitwa inveta."

"Inateleza!" Mzee alinyanyuka, akawageukia watu wa benchi kana kwamba yeye ndiye mwenye duka. "Mmesikia? Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuendeshwa!"

Aliuliza bei, akailipa, akakataa kupunguziwa. "Rafiki yangu si ombaomba," alisema.

Siku ya pili Fundi Nyota alisogeza ngazi katika nyumba ya baba yake, na safari hii mzee ndiye aliyeishikilia chini kwa mikono miwili. Alitoa maelekezo yasiyohitajika mwanzo hadi mwisho. Mambo yote yaliendelea kuwa ya rafiki: rafiki anataka bomba lipite huku, rafiki hapendi tundu kubwa ukutani. Mama, aliyeketi kitandani akiangalia mchezo huo, alivumilia mpaka mwisho ndipo akasema, "Huyo rafiki yenu mwambieni namshukuru sana. Laiti mume wangu naye angekuwa na akili kama yake."

Binti alicheka hadi akashuka ngazi ili asianguke. Mzee alijifanya hamnazo.

Mama sasa analala kitandani. Mwandishi alipompigia simu kumjulia hali, alikuwa na lalamiko moja. "Nimeomba blanketi, mwanangu! Mimi, katika nyumba hii!" Alisema amelala mpaka chai ikapoa mezani, mumewe akakataa katakata mtu yeyote amwamshe. Moyo bado una dawa zake na kliniki zake, lakini kile kizunguzungu cha mchana hakijarudi.

Mzee Gia husoma mita kila asubuhi kama alivyokuwa akisoma geji ya mafuta, na habari ya mita anaipeleka kwa binti yake kwa simu kabla hajaulizwa. Lile jitu la sebuleni limehamia ule ukumbi wa mtaa pamoja na rimoti yake. Rimoti mpya haikuingia mfukoni. Inakaa juu ya mto wa mama, na nailoni imetupwa.

Fundi Nyota ana mpango. Ukuta wa nje wa duka lake ni mweupe mtupu, na anataka kuuchora wote: karatasi ile ya rangi, kubwa kama mlango, nyota zake, namba yake ya uniti, na mishale ya kueleza kila kitu, ili hata anayepita bila nia ya kununua aisome. Ameshaongea na mchoraji. Anatamani pia kuwachukua mabinti wa chuo wajifunze kazi kwake, wasije wakaitwa wapishi mlangoni kwa watu. "Na wakiitwa, wawe na jibu," anasema.

Mwalimu wa kwanza wa benchi ameshapatikana. Asubuhi nyingi Mzee Gia huja dukani na kofia yake, akakaa na wateja wanaosubiri. Hauzi wala hafungi. Anawauliza madirisha. Anawauliza mlango unafungaje. Akikutana na mtu aliyekuja mbio mbio, ana mgonjwa nyumbani, anataka kubwa kuliko zote, leo leo, mzee humgusa goti.

"Tulia, mwanangu, kaa kwanza," humwambia. "Kuna rafiki yangu mmoja alinunua bila kuuliza."

Na huisimulia habari yote, na pazia lake, na mkeka wa mlango wa nyuma, mpaka mahali ambapo yule mke alianguka jikoni, na hapo huomba maji, akanywa, kisha akaendelea. Wateja humuuliza kama mke wa rafiki yake alipona. Huwaambia ndiyo, analala sasa.

Fundi Nyota husikia kila neno akiwa kule nyuma na kompresa zake. Anasema tumaini lake kubwa kuliko hata ule ukuta ni kwamba siku moja baba yake ataisimulia habari hiyo bila rafiki ndani yake.

"Sina haraka," anasema, macho yake yakiwa benchini. "Lakini siku atakayosema ni mimi, nafunga duka saa hiyohiyo. Naenda kumkumbatia."